Brandi, Moshi na Neno "Kistaarabu"

Mfasiri wa mashairi hali kwa mashairi peke yake. Watu wa Korogwe wanaonijua hunijua zaidi kwa barua ninazowaandikia, mikataba ya mashamba ninayowasomea, na maelezo ya dawa za mifugo ninayoyatoa katika Kiingereza na kuyatia katika Kiswahili. Mwaka 2020 alinijia mfanyabiashara mmoja wa jumla wa hapa mjini, mkononi ana jalada nene la karatasi. Alikuwa amechoka kununua brandi kwa mawakala wa Dar es Salaam, akaazimia kuiagiza mwenyewe kutoka Afrika Kusini na kuisambaza Korogwe, Handeni, Mombo na Lushoto. Alitaka nimfasirie kila karatasi apate kujua anatia saini jambo gani. Kisha nimtungie maneno ya Kiswahili ya kibandiko kitakachokaa nyuma ya kila chupa.

Mimi sinywi. Nimezaliwa Handeni katika nyumba ya Kiislamu, na sikusudii katika makala haya kumhalalishia mtu yeyote kilichoharamishwa. Wapo wasomaji wa visiwani watakaosema kwamba mwenye kubeba na mwenye kuuza wamo pamoja na mwenye kunywa. Hoja hiyo naijua, na niliipima kabla ya kuipokea kazi. Nilikumbuka kuwa Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, na kwamba mwaka 1952 alimtoa Omar Khayyam katika Kiswahili, mshairi ambaye beti zake zimejaa mvinyo. Hakuna aliyemdhania kuwa mlevi kwa sababu hiyo. Mfasiri hubeba maana, na aghalabu huijua vyema zaidi hatari ya mzigo yule anayeubeba kuliko yule anayeukimbia.

Tatizo la kwanza lilikuwa jina. Neno brandi asili yake ni Kiholanzi, na maana yake ni divai iliyochomwa, yaani iliyotiwa motoni ikakenekwa. Kiswahili kina mvinyo, neno tulilolichukua kwa Wareno, na kina divai, lililotoka kwa Wafaransa. Lakini katika vinywa vya watu mvinyo umekwisha kuhama: humaanisha zabibu ndani ya Biblia, na humaanisha pombe kali yoyote nje ya kanisa. Neno lililokuwa karibu zaidi ni konyagi, kwani limetokana na Cognac, mji wa Ufaransa ambao brandi yake ndiyo iliyotukuka kuliko zote. Hapo nikakwama pande mbili. Wafaransa waliweka mipaka ya eneo la Cognac mwaka 1909, na mwaka 1936 wakaithibitisha haki ya jina hilo kwa kinywaji cha eneo hilo peke yake. Kwa upande wetu, konyagi ni jina la kinywaji cheupe cha Tanzania chenye asilimia 35 ya kileo, nacho hakitokani na zabibu. Mtu wa Handeni ukimwambia konyagi hafikirii Ufaransa. Anafikiria chupa anayoijua. Basi nikaandika hivi: "Brandi: pombe kali iliyokenekwa kutokana na divai ya zabibu." Mfanyabiashara akasema ni refu. Nikamjibu kwamba ni la kweli.

Kisha nikaingia katika karatasi zenyewe, na huko nikajifunza kwamba brandi husafiri kwa karatasi kabla haijasafiri kwa meli. Kwanza ilimpasa kuisajili katika Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu Julai 2019 lilipokea kazi ya usajili wa vyakula na vinywaji kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Sampuli hupelekwa maabara, na kibandiko husomwa neno kwa neno. Kisha kuna ukaguzi wa ubora unaofanyika huko huko ng'ambo kabla ya makasha kupakiwa. Yakifika bandarini, wakala wa forodha hujumlisha bei, bima na nauli, na juu ya jumla hiyo ukatozwa ushuru wa forodha, ambao Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza mwaka 2005 ulikuwa asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Hufuata ushuru wa bidhaa, unaohesabiwa kwa lita. Hufuata tozo ya maendeleo ya reli, iliyoanza mwaka 2015 kwa asilimia 1.5. Mwisho huja Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18, nayo haitozwi juu ya bei tupu bali juu ya bei pamoja na ushuru uliokwisha kutozwa. Kodi hupanda mgongoni mwa kodi. Nilipomweleza hilo la reli, mfanyabiashara alicheka, akaniambia kwamba Korogwe inalo dai, kwani reli ya kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1902, na mji huu umeishi kwa kuitazama.

Baada ya hayo yote kila chupa hubandikwa stempu. Tangu tarehe 15 Januari 2019 stempu za vileo zimekuwa za kielektroniki. Mnunuzi mwenye simu huweza kuichunguza kwa programu ya Mamlaka ya Mapato iitwayo Hakiki Stempu. Na baada ya stempu bado muuzaji anahitaji leseni ya vileo, chini ya sheria ya mwaka 1968 inayopanga aina za maduka na saa za kuuza. Mfanyabiashara wangu hakulalamika. Alisema sheria ni gharama kama gharama nyingine: ukiijua mapema unaitia katika bei, na mnywaji ndiye anayeilipa.

Maneno hayo yaliniingia, nikataka kujua mlolongo huu ulianzia wapi. Ulianzia Brussels. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa ya Ulaya na wenzao walitia saini mkataba uliohusu biashara ya watumwa na, ndani yake, pombe kali. Walichora ukanda wa Afrika kuanzia nyuzi 20 kaskazini mwa Ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Mahali ambapo pombe kali ilikuwa haijaenea, au ilikatazwa na dini, isiingizwe. Mahali ilipokwisha kuingia, itozwe ushuru usiopungua faranga 15 kwa kila lita 100. Mwaka 1919 mkataba mwingine, wa Saint-Germain-en-Laye, ulikaza zaidi. Na Uingereza ilipokabidhiwa Tanganyika mwaka 1922 kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, udhibiti mkali wa pombe kali ulikuwa miongoni mwa masharti.

Zilisemwa kuwa sheria za kumlinda Mwafrika, na sikatai kwamba baadhi ya waliozitunga walikuwa na nia hiyo. Lakini tazama zilivyofanya kazi katika nchi ya mkonge, Ngombezi na Magunga na mashamba mengine yaliyouzunguka mji huu. Mzungu wa shambani aliinywa brandi kwa uhuru klabuni kwake. Manamba waliokata mkonge walikuwa na pombe za nafaka na za miwa, nazo pia kwa vibali. Pombe kali za kizungu Mwafrika hakuruhusiwa kuzinunua hadi miaka ya 1950. Fikiri, msomaji: karani wa Kiafrika wa forodha aliweza kuipokea chupa ya brandi, kuiandika katika daftari kwa hati nzuri, na kuitoza ushuru hadi senti ya mwisho, kuinunua ilikuwa kosa. Dini yake ingeweza kumkataza, na ni haki yake kuitii dini yake. Lakini sheria haikuuliza dini yake. Iliuliza rangi yake.

Ubaguzi huo ukaondoka, na mahali pake pakabaki swali jingine, yaani nani anaruhusiwa kukeneka. Mwaka 1966 ilitungwa sheria ya moshi, iliyokataza kuutengeneza bila leseni. Moshi ndiyo gongo, na jina lenyewe linaeleza kazi: ni mvuke uliokamatwa ukageuzwa maji. Kuhusu sheria hiyo sikuhitaji kusoma jalada, kwa sababu ilipita nyumbani kwetu.

Mama yangu alikeneka moshi. Aliukeneka kandokando ya Chanika, Handeni, katika kijito cha msimu, kwa kuwa kazi ile hutaka maji mengi ya baridi, na maji ya Handeni kila mtu anajua yalivyo adimu. Alichachusha mapapai na maji ya miwa katika pipa, akakiinjika chungu, akaupitisha mvuke katika mrija wa shaba uliolazwa ndani ya maji. Yeye mwenyewe hakuonja hata tone. Alipima kwa kijiko na njiti ya kiberiti, akiangalia rangi ya mwali. Baba alikuwa amefariki. Mashamba ya mahindi yalikuwa yamekauka misimu kadhaa. Majirani walijua, na waliokuja kumsema asubuhi baadhi yao walikuja kununua jioni.

Mwishoni mwa 1984 nilichaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Karo zilikuwa zikirudishwa katika shule za sekondari, na palitakiwa pia godoro, sanduku, sare na nauli. Fedha zilikuwepo, zimefungwa katika kanga. Wiki mbili kabla ya safari mama alikamatwa na chungu chake. Alipewa kuchagua faini au kifungo, akalipa faini, na kanga ikafunguliwa. Sikwenda shule. Sina wa kumlaumu kwa jina. Sheria ilikuwepo na mama aliijua. Nilikuja Korogwe kuwa mtumishi wa duka, nikajifunza Kiingereza kwa kusoma maandishi ya makasha, kisha kwa kamusi niliyoinunua kwa mshahara wa miezi miwili, kisha kwa vitabu vya yeyote aliyekubali kuniazima. Ndiyo maana husemwa kwamba nimejifunza mwenyewe, ingawa ukweli ni kwamba nilifundishwa na makasha.

Sasa rudi nami kwenye jalada la brandi. Miongoni mwa karatasi kulikuwa na maelezo ya utengenezaji, na nilikaa nayo usiku mzima. Yalisema kwamba sheria ya Afrika Kusini hutaka brandi iliyokenekwa kwa chungu cha shaba ikae katika mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3. Yalieleza pia kwamba mkenekaji hugawa kinachotoka katika mrija mafungu matatu: kichwa, moyo na mkia. Kichwa, yaani matone ya kwanza yenye harufu kali, hutengwa. Mkia hutengwa vilevile. Moyo peke yake ndio unaowekwa kukomaa. Nikaiweka kalamu chini. Mama alikuwa akimwaga kikombe cha kwanza. Kila mara alikimwaga mchangani, nasi watoto tulidhani ni tambiko. Nilipomuuliza aliniambia, "Hicho si cha kumpa mtu." Hakuwahi kusikia jina la Cognac. Lakini sehemu ile ya kazi ambayo Wafaransa wameifanya fahari ya mkoa mzima, mwanamke wa Handeni aliijua, akaitii, pasi na mkaguzi kumsimamia.

Sisemi kwamba moshi wa kijito ni sawa na brandi ya mwaloni. Si sawa. Mama hakuwa na maabara, na wapo waliokeneka kwa tamaa, wakatia ndani vitu visivyosemeka. Nasema tu kwamba tofauti kati ya vinywaji hivi viwili huelezwa na watu kama tofauti ya ustaarabu, ilhali kwa sehemu kubwa ni tofauti ya mtaji.

Na neno hilo ndilo lililotugombanisha, mimi na mfanyabiashara. Kibandiko kilihitaji onyo kwa mnywaji, na chupa nyingi za nchini huandikwa "kunywa kistaarabu". Mimi niliandika "kunywa kwa kiasi".

"Mwalimu," aliniambia, kwani huniita hivyo ingawa sijapata kusimama mbele ya darasa, "chupa zote zinasema kistaarabu. Yetu ikisema vingine watadhani ni ya magendo."

"Kistaarabu ndiyo vipi, tajiri?"

"Ukae kitini, glasi iwe mezani, usimtukane mtu."

"Na anayekunywa amechuchumaa nyuma ya nyumba, asimtukane mtu?"

Akacheka. "Huyo hanunui brandi."

Jibu lake lilikuwa la kweli kuliko alivyodhani. Katika maneno hayo matatu nilisikia Brussels na Saint-Germain na klabu ya mkonge. Ustaarabu kwetu sisi watu wa pwani na wa bara ya karibu una historia ndefu. Ni neno lililopima nani ni mtu wa mji na nani ni mshenzi, nani avae viatu na nani avivue mlangoni. Kiasi hakina ukoo wala mavazi. Kiasi humhusu mwenye kiti na asiye na kiti. Nilimweleza hayo, akanisikiliza kwa adabu, kisha akaandika kistaarabu, akanilipa ujira wangu wote. Chupa ni zake.

Makasha yalifika, yakauzwa vizuri Korogwe, polepole Lushoto, na kidogo sana Handeni, ambako bei ya chupa moja ilikuwa bei ya gunia la mahindi katika mwaka mzuri. Kilichofika Handeni kwa wingi ni chupa tupu. Mwaka 2022, katika kilabu kimoja cha pombe, niliiona moja juu ya meza: kibandiko changu kiko nyuma, neno langu "iliyokenekwa" linasomeka vizuri, stempu imechanika, na ndani kuna moshi. Waliokuwa wakinywa walijua ni moshi. Aliyeuza hakudanganya mtu. Alihitaji tu chupa, na watu walipenda chupa nzuri. Lakini nilijiuliza: nani aliyeutengeneza ule, na je, alimwaga kikombe cha kwanza? Hapakuwa na namna ya kujua, kwa sababu sheria iliyojua kila kitu juu ya chupa ile ilipokuwa imejaa brandi haikujua chochote juu yake ilipojaa kinywaji cha maskini.

Hapo ndipo hatari ilipo. Tarehe 1 Machi 2017 Tanzania ilipiga marufuku viroba, vile vifuko vidogo vya pombe kali vilivyouzwa hadi kwa watoto, na naiunga mkono hatua hiyo. Lakini aliyekuwa akinunua kiroba hakuhamia kwenye brandi. Kenya ilifuta marufuku ya chang'aa mwaka 2010, ikaruhusu itengenezwe kwa viwango na kutiwa katika chupa za kioo, na masharti yakawa mazito kwa mwanamke mwenye chungu kimoja. Februari 2024, huko Kirinyaga, watu 17 walikufa kwa pombe ambayo, kwa maelezo yaliyotolewa, ilikuwa imekamatwa na kuhifadhiwa kituoni kama kielelezo, kisha ikapata njia ya kurudi sokoni. Uganda nayo ilitunga sheria ya leseni kwa wakenekaji wa enguli tangu 1965. Waragi ikapata kiwanda na jina la taifa, na wengi wa vijijini wakabaki gizani.

Nanyi wa visiwani hamko mbali na kisa hiki. Januari 2024, baada ya waagizaji watatu wa muda mrefu kukosa vibali vya Bodi ya Kudhibiti Vileo, vinywaji viliadimika Zanzibar, bei ya bia ikakaribia kuwa maradufu, hoteli zikalalama, na mwezi huohuo Waziri wa Utalii akajiuzulu akitaja mazingira ya kazi yasiyo rafiki. Kiu ya mgeni ilipokatizwa kwa wiki chache, dunia ilisikia. Kinachonywewa na mvuvi na mkata mkonge miaka yote hakina mwandishi wa habari mpaka watu wafe.

Rai yangu ni nyepesi kuitamka na nzito kuitenda. Mwenye kuamini kwamba pombe ni haramu aendelee kuikataza kwa mahubiri na kwa mfano wake, nami nimo pamoja naye. Lakini dola iliyoamua kuiruhusu brandi, kuipima, kuitoza kodi mara nne na kuibandika stempu, haiwezi kusema kwamba kupima moshi wa Handeni ni kuhalalisha ulevi. Maabara inayopokea sampuli kutoka Afrika Kusini na ipokee na ya Chanika. Leseni iwe na ngazi ya chini ambayo mjane anaweza kuikanyaga. Asiyetaka kupimwa ndiye ashitakiwe.

Mama alifariki mwaka 2011. Hakupata kusoma hata shairi langu moja, kwani hakujua kusoma, ila alipenda nimsomee, na akichoka alisema, "Inatosha." Alikuwa na kipimo cha kila kitu: cha chumvi, cha maneno, cha kile kikombe cha mchangani. Ningependa kumwona mtunga sheria mwenye kipimo kama hicho.